Mpwito wa Mlisho katika Injini za Roketi za Kimiminika: Ufafanuzi wa Dhana na Suala la Istilahi

Ikisiri

Injini ya roketi inayotumia fueli ya kimiminika inaweza kuanza kupwita: shinikizo ndani ya chemba ya mwako hupanda na kushuka makumi ya mara kwa sekunde, na kila mpwito ukaukuza unaoufuata. Makala haya yanaeleza chanzo cha hali hiyo, yanaitazama kwa mfano wa roketi zilizorushwa Shaba, nchini Zaire, mwaka 1977 na 1978, kisha yanachunguza istilahi zinazoweza kuieleza kwa Kiswahili. Hoja kuu ni kwamba neno "masafa" linapotosha likitumiwa kwa dhana ya idadi ya marudio katika uwanja wa roketi, na kwamba jina la hali hii litokane na chanzo chake, si na sauti yake.

Utangulizi

Masoro ni eneo la Wilaya ya Gasabo, upande wa mashariki wa Jiji la Kigali. Hapo pana Eneo Maalumu la Kiuchumi la Kigali, pana Chuo Kikuu cha Waadventista cha Afrika ya Kati, na pana kampasi ya Carnegie Mellon barani Afrika ambako uhandisi hufundishwa kwa Kiingereza. Kinyarwanda ndicho kinachosikika nje ya madarasa. Kiswahili, kilichofanywa kuwa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017, kina nafasi yake katika sheria na katika biashara ya kanda, lakini katika maandishi ya kiufundi bado ni mgeni aliyesimama mlangoni.

Ugeni huo una gharama. Septemba 2019 setelaiti ndogo ya Rwanda, RWASAT-1, ilipelekwa katika Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu na roketi ya Japani aina ya H-IIB, na Novemba mwaka huohuo ikaachiliwa ianze kuzunguka dunia. Oktoba 2021 Rwanda iliwasilisha kwa Muungano wa Kimataifa wa Mawasiliano maombi yanayohusu setelaiti zaidi ya 300,000. Nchi isiyounda roketi lakini inayonunua nafasi ndani ya roketi za wengine italazimika kusoma ripoti za wengine: kwa nini safari imeahirishwa, kwa nini injini moja ilizimwa kabla ya wakati, kwa nini bima imepanda. Miongoni mwa maelezo yanayojitokeza katika ripoti hizo ni kutotulia kwa mwako. Mshauri wa sera anayetakiwa kulieleza jambo hilo mbele ya kamati ya bunge la kanda, kwa Kiswahili, anahitaji kwanza kulielewa, kisha kuwa na maneno yasiyomwangusha.

Mpwito huanzaje

Wasomaji waliokulia karibu na Ziwa Kivu, Ziwa Tanganyika au pwani ya Bahari ya Hindi wanaikumbuka karabai. Mafuta ya taa yamo katika tangi dogo; hewa iliyopampwa kwa mkono huyasukuma yapande bombani, yageuke mvuke na kuungua. Shinikizo la tangi linapolegea, mwanga huacha kutulia. Hufifia, hurudi, hufifia tena, mpaka mvuvi apampu upya. Mfano huu hauwezi kubebeshwa mzigo wote wa hoja, kwa sababu karabai ina kimiminika kimoja na huungua katika hewa wazi. Hata hivyo unaonyesha jambo la msingi: moto na kile kinachoulisha vinategemeana, na kinachoulisha kikiwa dhaifu moto hupata nafasi ya kukiyumbisha.

Katika injini ya roketi ya kimiminika kuna vimiminika viwili, fueli na kioksidishaji. Vyote huingia katika chemba ya mwako kupitia bamba lenye matundu membamba, ambalo katika makala haya linaitwa kinyunyizio. Ili vipite, shinikizo la upande wa bomba halina budi kulizidi lile la chemba. Ichukuliwe injini ya mfano yenye shinikizo la kilopaskali 2,000 ndani ya chemba, na tofauti ya kilopaskali 400 kati ya bomba na chemba. Shinikizo la chemba likipanda kwa 100 tu, yaani asilimia 5, tofauti hubaki 300. Kwa kuwa mtiririko hufuata kipeuo cha pili cha tofauti hiyo, hupungua kwa takribani asilimia 13. Ongezeko dogo ndani ya chemba limezaa upungufu wa mlisho unaolizidi zaidi ya mara mbili.

Lau upungufu huo ungeufikia mwako papo hapo, ungekuwa dawa: shinikizo lililopanda lingeshushwa mara moja. Lakini matone yanahitaji muda wa kugeuka mvuke, kuchanganyika na kuungua. Muda huo ni wa milisekunde chache, nao ndio unaoigeuza dawa kuwa maradhi. Kinachoungua sasa ni kile kilichoingia kitambo kidogo nyuma. Upungufu unapofika kwenye mwako hukuta shinikizo limekwisha kuanza kushuka, nao hulisukuma chini zaidi. Shinikizo likiwa chini, kinyunyizio hupitisha kimiminika kingi kupita kiasi; wingi huo nao hufika kwa kuchelewa, wakati shinikizo linapanda, na kulipandisha zaidi. Kila upande unaujibu upande mwingine kwa habari iliyopitwa na wakati.

Kasi ya mpwito hutokana na kuchelewa huko. Ikiwa muda wa kuchelewa ni milisekunde 5, mpwito mmoja kamili huchukua kati ya milisekunde 10 na 20, kutegemea gesi hukaa muda gani ndani ya chemba kabla ya kutoka. Hiyo ni mipwito 50 hadi 100 kwa sekunde. Ni idadi ndogo ikilinganishwa na ile ya aina nyingine ya kutotulia kwa mwako, ambayo huzidi mara 1,000 kwa sekunde, na ndiyo sababu hali hii huhesabiwa kuwa ya marudio ya chini. Udogo wa marudio usichukuliwe kuwa udogo wa madhara. Mpwito wa aina hii hutikisa mabomba, huharibu uwiano wa fueli na kioksidishaji, huweza kuuzima mwako na kuuwasha tena kwa kishindo, na huweza kuifungulia mlango ile aina ya marudio ya juu.

Nadharia ya muda wa kuchelewa ilijengwa Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1950. Martin Summerfield aliichapisha mwaka 1951, na Luigi Crocco, Mwitalia aliyefanya kazi Princeton, akaipanua. Kwa mfano rahisi kabisa wa nadharia hiyo, tofauti ya shinikizo ikifikia nusu ya shinikizo la chemba, mpwito hauwezi kukua, muda wa kuchelewa uwe wowote. Katika injini iliyotajwa hapo juu tofauti ingekuwa 1,000 badala ya 400. Ongezeko la asilimia 5 ndani ya chemba lingezaa upungufu wa mlisho wa asilimia 5, si 13, na yumbo la kwanza lingekosa cha kujilisha. Wahandisi kwa kawaida hawako tayari kulipa bei hiyo, kwa sababu kila kilopaskali ya ziada hudai pampu yenye nguvu zaidi au tangi lenye ukuta mnene zaidi. Huridhika na asilimia 15 hadi 20, kisha hutafuta usalama uliosalia kwa njia nyingine: matone madogo zaidi yanayoungua upesi, chemba kubwa zaidi ambamo gesi hukaa kwa muda mrefu, au kizuizi bombani kinachoyatenga mabomba na misukosuko ya chemba.

Roketi za Shaba

Afrika Mashariki na Kati ina historia mbili za kurusha roketi, na moja tu ndiyo inayohusika hapa. Jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, lilirusha setelaiti kati ya mwaka 1967 na 1988, mojawapo ikiwa ile iliyopewa jina Uhuru kwa sababu ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970. Roketi zake, za Kimarekani aina ya Scout, zilitumia fueli yabisi. Fueli yabisi imo ndani ya chemba tangu mwanzo. Hakuna bomba wala kinyunyizio, kwa hiyo hakuna mlisho wa kupwita. (Luigi Broglio, aliyeuanzisha mradi huo, aliiongoza mjini Roma shule ya uhandisi wa anga iliyokuwa imejengwa na Gaetano Arturo Crocco, baba wa yule Crocco wa nadharia ya muda wa kuchelewa. Historia ya sayansi ina ukoo mfupi kuliko inavyodhaniwa.)

Historia ya pili ni ya Shaba, jimbo ambalo leo ni Katanga ya zamani iliyogawanywa, katika nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kampuni ya Ujerumani Magharibi iliyoitwa OTRAG, iliyoasisiwa na Lutz Kayser, ilipewa na serikali ya Mobutu haki ya kutumia eneo la takribani kilometa za mraba 100,000, na ikajenga kituo kwenye uwanda wa juu ulio kando ya Mto Luvua. Ni sehemu ambayo Kiswahili ndicho lugha ya mawasiliano kati ya watu wa makabila tofauti. Roketi ya kwanza iliruka tarehe 17 Mei 1977, ya pili tarehe 20 Mei 1978. Ya tatu, tarehe 5 Juni 1978, ilipoteza mwelekeo mara baada ya kuondoka na kuanguka mbele ya macho ya Mobutu mwenyewe.

Kilichoitofautisha OTRAG ni urahisi wa makusudi. Roketi ilikuwa fungu la mirija myembamba, kila mmoja na injini yake. Zile za majaribio zilikuwa na mirija minne. Fueli ilikuwa ya kawaida, jamii ya mafuta ya taa na dizeli, na kioksidishaji kilitokana na asidi ya nitriki. Vali ziliendeshwa na mota za waipa za magari. Hapakuwa na pampu. Takribani theluthi moja ya ujazo wa matangi iliachwa kwa ajili ya hewa iliyoshindiliwa, nayo ndiyo iliyosukuma vimiminika kwenda kwenye chemba, kama katika karabai. Usukani nao ulifanywa kwa kupunguza mtiririko wa injini za upande mmoja ili roketi ipinde.

Muundo huo una matokeo ambayo nadharia ya mpwito huyaonyesha waziwazi. Hewa iliyoshindiliwa hulegea kadiri matangi yanavyokwisha, na mtiririko hupungua. Shinikizo la chemba hupungua kwa uwiano uleule na mtiririko; tofauti ya shinikizo kwenye kinyunyizio hupungua kwa mraba wake. Injini ya aina hii ikianza na kilopaskali 2,000 katika chemba na tofauti ya 800, ina asilimia 40, akiba nzuri. Mtiririko ukifika nusu, chemba ina 1,000 lakini tofauti imebaki 200, yaani asilimia 20. Akiba imekatika nusu bila mtu kugusa kitu. Wakati huohuo matone yanayopita kwa tofauti ndogo huwa makubwa zaidi na huchelewa zaidi kuungua. Kwa hiyo injini inayoanza safari ikiwa imetulia hukaribia mpaka wa mpwito kuelekea mwisho wa safari, na kila mara inapopunguzwa kwa ajili ya kupinda husogea upande huohuo. Mbunifu anayekataa pampu kwa sababu ya bei hulazimika kuilipa bei hiyo kwa uzito wa tangi, ili aanze juu kiasi cha kutosha kumfikisha mwisho salama. Kuanguka kwa tarehe 5 Juni kulikuwa suala la mwelekeo, si la mwako, na hakupaswi kutumiwa kama ushahidi wa mpwito.

Mradi haukufa kwa sababu za kihandisi. Umoja wa Kisovyeti na baadhi ya majirani wa Zaire walishuku kwamba kilichokuwa kikijaribiwa Luvua ni makombora. Mwaka 1979 serikali ya Zaire iliufunga, na kampuni ikahamia Libya.

Ndugu wa mpwito

Hali mbili huchanganywa mara kwa mara na hii. Ya kwanza ni kutotulia kwa marudio ya juu, ambako mlisho hauna kosa kubwa. Ni mawimbi ya sauti yanayopigana ndani ya chemba yenyewe na kulishwa na mwako. Injini ya F-1, iliyobeba safari za kwenda mwezini, iliteswa nayo. Wahandisi walifanya majaribio takribani 2,000, wakilipua mabomu madogo ndani ya chemba ili kuona kama mwako utatulia wenyewe, na mwishowe wakaigawa sura ya kinyunyizio kwa kuta fupi.

Ya pili huhusisha mwili wote wa roketi. Msukumo wa injini hutikisa mwili, mwili hutikisa nguzo ya kimiminika bombani, kimiminika hutikisa msukumo. Ilionekana katika Apollo 6 tarehe 4 Aprili 1968, na katika Apollo 13 mwaka 1970 ilisababisha injini ya katikati ya hatua ya pili kuzimwa takribani dakika mbili kabla ya wakati. Tiba ilikuwa kuweka gesi kidogo katika njia ya oksijeni ili iwe kama mto laini. Pampu zenyewe pia zina maradhi yake: roketi ya H-II namba 8 ya Japani ilipotea Novemba 1999 baada ya bawa la pampu ya haidrojeni kuchoka na kukatika kwa mitikisiko iliyozaliwa na mapovu katika kimiminika. H-IIB iliyobeba RWASAT-1 ni ya ukoo huo, na injini yake ilirithi mafunzo ya ajali hiyo.

Suala la istilahi

Kiingereza kimeyapa maradhi haya majina ya masikio na ya michezo. La marudio ya chini limeitwa kwa neno linaloiga sauti ya garimoshi, la marudio ya juu kwa neno la kupiga ukelele, na lile la mwili mzima kwa jina la fimbo ya kurukia ambayo watoto wa Ulaya na Marekani huichezea. Kutafsiri majina hayo neno kwa neno ni kazi bure. Mtoto wa Rusizi au wa Kilwa hana fimbo hiyo, na sauti humweleza msikiaji alichosikia tu, bila kumwonyesha pa kutafuta kosa.

Tatizo kubwa zaidi liko katika neno linaloonekana salama. Kwa dhana ya idadi ya marudio kwa sekunde, waandishi wengi hutumia "masafa", na katika redio hakuna anayetatizwa: masafa ya kituo fulani yanajulikana. Lakini "masafa" kwanza ni umbali. Vyombo vya habari vya Kiswahili husema kila siku "kombora la masafa marefu" na "kombora la masafa mafupi". Basi fungu kama "roketi yenye mtikisiko wa masafa ya chini" humpeleka msomaji wa kawaida, na hata mshauri aliyesoma, kwenye umbali ambao roketi inaweza kufika. Katika jalada moja la Kigali neno hilohilo linaweza kumaanisha mawimbi ya redio yanayoombewa kibali, umbali wa silaha, na kasi ya mpwito wa injini. Anayedhani huu ni ubishi wa wanaleksikografia aikumbuke Luvua, ambako swali lililouua mradi lilikuwa hasa la masafa kwa maana ya umbali. Ripoti ya kiufundi iliyotafsiriwa vibaya kuhusu "masafa" ya roketi hizo ingeweza kusomwa kama kukiri.

Neno "marudio" halina mzigo huo. Ni la kawaida, linakubali vivumishi vya juu na chini, na hueleza kinachotokea. Makala haya yanalipendekeza kwa uwanja wa injini na mitambo, huku "masafa" yakiachiwa redio, ambako yameota mizizi, na umbali, ambako yalizaliwa.

Kwa hali yenyewe panahitajika nomino. "Mtikisiko" ni pana mno. Hutumika kwa tetemeko, kwa uchumi na kwa ndoa. Kitenzi "pwita" ni bora zaidi. Moyo hupwita, jipu hupwita: kitu kinajaa na kulegea kwa mpigo, kutoka ndani, bila kupigwa na chochote cha nje. Ndivyo chemba inavyofanya. Kisha jina liongezewe pande mbili zinazojibizana. Chemba na mabomba yake: mpwito wa mlisho. Chemba na mawimbi yake yenyewe: mpwito wa chemba. Injini na mwili wa roketi: mpwito wa mwili. Anayesoma jina anajua tayari fundi aanzie wapi.

Maneno mengine yanadai uangalifu zaidi ya uvumbuzi. "Nozeli" katika gereji za kanda ni kile kinachonyunyiza dizeli ndani ya injini, ilhali katika roketi neno hilo la kigeni hutaja mdomo mpana wa kutolea gesi, upande wa pili kabisa wa chemba. Kuling'ang'ania katika maana ya roketi ni kumwambia fundi stadi kwamba ameshika injini kichwa chini. Kwa sababu hiyo "kinyunyizio" na "mdomo wa gesi" vimependelewa. "Shinikizo" limechaguliwa badala ya "kanieneo" kwa kuwa linaeleweka kutoka Mombasa hadi Bukavu kupitia shinikizo la damu, ingawa walimu wa fizikia wa Tanzania wana haki ya kulitetea neno lao.

Ingizo la kamusi kwa matumizi ya kanda lingeweza kusomeka hivi:

mpwito wa mlisho nm kupanda na kushuka kwa shinikizo la chemba ya mwako kunakojirudia, kwa kawaida kati ya makumi na mamia machache ya mara kwa sekunde, kunakosababishwa na mtiririko wa fueli au kioksidishaji kuyajibu mabadiliko ya shinikizo hilo kwa kuchelewa. Hutokea zaidi pale ambapo tofauti ya shinikizo kwenye kinyunyizio ni ndogo. Tofautisha na mpwito wa chemba, mpwito wa mwili.